Kokuhirwa Wawili, Fomu Moja

Siku nne kabla ya kuripoti kwenye chuo cha uuguzi, Kokuhirwa alikuwa amekwisha kupata kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, isipokuwa daktari.

Ndoo ya lita kumi ilikuwepo, pamoja na mfuniko wake. Rimu ya karatasi, chandarua, shuka mbili za bluu, kwanja na boksi la glavu vilikuwa vimepangwa kwenye tranka sebuleni. Viatu vyeupe visivyo na kisigino baba yake alivipata mnadani Kaisho. Vilikuwa vya bwana harusi, namba arobaini na mbili, na Kokuhirwa alivaa thelathini na nane, kwa hiyo mama yake, Restuta, alivijaza sufi kwenye vidole. Kilichobaki ni ukurasa wa saba. Ukurasa huo ulitaka daktari ampime mwombaji, aandike alichokiona, kisha agonge muhuri. Bila muhuri, fomu ilisema kwa herufi kubwa, mwombaji asijisumbue kusafiri.

"Wahi," Restuta alimwambia Alhamisi asubuhi, huku akichambua maharage. "Na umpelekee bibi yako kahawa ya kutafuna. Ile ya juzi alisema ilikaangwa ikaungua."

Bibi yake, Verdiana, alikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya kwa mwaka wa tatu sasa. Alifika pale siku moja ya Machi, presha ikiwa imempanda, akapewa namba tisa, na saa nane mchana akafa akiwa namba sita. Walimzika kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, chini kidogo ya mibuni, kwa misa na rubisi, pombe ya ndizi, ya kutosha. Wiki iliyofuata, matanga yalipoanuliwa, alikutwa tena kwenye ubao wa kusubiria, daftari la matibabu mapajani, akiwa namba sita.

Hakuwa peke yake. Siku hiyo ya Alhamisi watu waliokuwa ubaoni walikuwa ishirini na mmoja, na kumi na watatu kati yao walikuwa marehemu. Ilikuwa rahisi kuwatofautisha, kwa kuwa marehemu walikuwa wamevaa vizuri zaidi. Kokuhirwa alianza upande wa mlango, akawapa shikamoo wote, walio hai na wasio hai, nao wakaitika mmoja mmoja.

Marehemu aliyepata kuonwa na daktari aliondoka na hakurudi tena. Hilo lilijulikana. Lakini daktari alikuwa mmoja kwa kata nzima, tabibu Elpidius kutoka Muleba, na kila wiki alipowamaliza wawili, watatu wapya walikaa. Verdiana angekuwa ameingia zamani. Tangu Pasaka alikuwa namba moja. Ila kila jina lake lilipoitwa, aliletwa mama mwenye uchungu wa kujifungua, au mtoto mwenye degedege, naye akasema, "Apite huyo, mimi sizidiwi tena."

Kokuhirwa alikuwa amemzoea pale. Miaka yote miwili ya mwisho ya sekondari alipitia kituoni kila alipotoka shule, akakaa kwenye ukingo wa ubao, na bibi yake akamsikiliza akisoma Baiolojia. Verdiana hakujua kusoma, lakini alijua msomaji anaposita. "Rudia hapo," alikuwa akimwambia. "Hapo umepita kama mwizi." Walikuwa wamemaliza figo, ini na moyo kwa namna hiyo.

"Leo umekuja na karatasi gani?" Verdiana aliuliza, akitia punje ya kahawa mdomoni.

Kokuhirwa alimsomea ukurasa wa saba. Verdiana alisikiliza mpaka mwisho.

"Umepewa namba ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Marehemu mmoja aliyeitwa Yustus, aliyefariki kwa ngiri na kuzikwa na suti aliyokuwa hajaivaa hata mara moja, aliinamisha kichwa kwa masikitiko. "Mimi nilikuwa ishirini na mbili," alisema. "Ilikuwa mwaka juzi."

Elpidius alifika saa tano. Alimwona mtoto mwenye homa, mzee aliyekatwa na panga mguuni, na mama aliyejifungua palepale mlangoni bila kumpa mtu nafasi ya kubishana. Saa saba na nusu gari jeupe lilisimama uwanjani, likapiga honi mbili. Sista Sperancia, muuguzi pekee wa kituo, alitoka na rejista kwapani.

"Daktari anakwenda semina Bukoba," alitangaza. "Atarudi Jumanne. Anaona mtu mmoja wa mwisho."

Hakuna aliyenung'unika. Semina ilikuwa ya huduma kwa wakati, na zilikuwa zimekwisha kufanyika nyingi.

Kokuhirwa alihesabu. Kuripoti ilikuwa Jumatatu. Aliikunja fomu mara mbili, akaanza kufikiria namna ya kumweleza baba yake kuhusu vile viatu.

"Kokuhirwa!" Sista Sperancia aliita, akisoma jina la kwanza kwenye rejista.

Verdiana aliinuka. Alikuwa ameandikishwa kwa jina lake la nyumbani, kama walivyo watu wengi wa umri wake. Mjukuu alipozaliwa alipewa jina hilohilo, na Verdiana alikuwa amelipigania kwa wiki nzima dhidi ya upande wa pili wa ukoo, uliotaka aitwe Agnetha. Alisimama, akakaza kitenge, kisha akamshika mjukuu wake mkono.

"Twende," alisema.

"Foleni ni foleni," Yustus alisema. "Binti amekuja leo."

Sista Sperancia aliitazama rejista, akawatazama wale wawili, akaitazama saa. "Nimeita Kokuhirwa," alisema. "Anayeitwa Kokuhirwa aingie."

Lakini Kokuhirwa mdogo hakusogea. Mkono wa bibi yake ulikuwa baridi kama mtungi, na ndio mkono aliouzoea.

"Bibi, ukiingia hutarudi."

"Mwanangu, nilikuja kutibiwa. Sikuja kuhamia."

"Nitamsomea nani?"

"Utawasomea wanaokufundisha. Wakisinzia waambie warudie." Honi ililia tena. "Haya. Daktari wa watu anasubiriwa."

Wakaingia, mtu mmoja kwa hesabu ya rejista.

Chumbani Elpidius alikuwa amekwisha kuvaa koti la safari. Alisoma fomu, akauliza nani anapimwa.

"Mimi," alisema Verdiana na kukaa kwenye kiti. "Nimesubiri kupimwa, na nitapimwa."

"Na fomu ni ya nani?"

"Ya Kokuhirwa," walijibu wote wawili.

Elpidius alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake. Alimfunga Verdiana mkanda wa presha mkononi, mashine ikasoma sufuri kwa sufuri. Akabadilisha betri. Ikasoma vilevile, akaandika. Mapigo ya moyo aliyatafuta kwa dakika nzima, saa mkononi, kisha akaandika: hakuna. Joto lilikuwa sawa na la chumba. Kwenye mizani mshale haukutikisika.

"Ana ugonjwa wa kudumu?" alisoma.

"Nilikuwa na presha. Imekwisha."

"Ujauzito?"

"Daktari, nina heshima zangu."

"Hana," Elpidius aliandika. "Anaweza kuhimili saa nyingi za kazi bila chakula wala mapumziko?"

"Hiyo ndiyo naijua kuliko wewe."

Akaandika ndiyo, akapigia mstari. Kisha aliweka kalamu chini. Hakuwa ameinua macho yake kumtazama usoni mpaka hapo.

"Mama, presha ile ilikuwa ya kidonge kimoja kwa siku," alisema taratibu. "Ungewahi kidogo."

"Nilifika saa moja asubuhi."

Elpidius alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nje honi ililia mara tatu.

"Na mimi?" Kokuhirwa aliuliza. "Hunipimi?"

"Una tatizo?"

"Sina. Mimi mzima."

"Mzima sina pa kumwandika, fomu ni moja." Akaandika kwenye mstari wa mwisho, hali ya jumla: nzuri, anafaa kwa masomo. Akagonga muhuri. Kisha alimwandikia Verdiana dawa za presha za mwezi mzima, akampa karatasi kwa mikono miwili, akatoka mbio kwenye gari.

Dirisha la dawa liliwaambia kwamba dawa hizo hazipo, wakanunue nje. Verdiana aliikunja karatasi, akaipachika kwenye fundo la kitenge. Alionekana ameridhika. Kwenye mlango wa nyuma wa kituo kulikuwa na njia ya kukatisha migombani, na hapo alisimama, akamkagua mjukuu wake kuanzia juu mpaka chini.

"Viatu alivyokununulia baba yako vitakuwa vikubwa," alisema. "Ukitembea usiburuze. Mgonjwa huogopa muuguzi anayeburuza miguu." Kisha akaenda. Majani makavu ya migomba hayakulia chini yake. Kokuhirwa alilia kidogo, akajifuta kwa mkono usioshika fomu, akarudi nyumbani kufunga tranka.

Chuoni, Jumatatu, wageni walipokelewa na mkufunzi Rwezaura, mtu wa Bukoba mwenye mwandiko mzuri. Aliusoma ukurasa wa saba wote.

"Mapigo ya moyo, hakuna?"

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Muhuri upo?"

"Upo."

Akaweka alama ya vema. Kilichomletea Kokuhirwa shida ni fagio. Orodha ilitaka la chelewa, yeye alikuja na la nyasi alilofungiwa na mama yake. Akarudishwa getini, akakaa huko juu ya tranka mpaka alipopata fagio sahihi.

Wiki ya tano walifundishwa kuhesabu mapigo ya moyo, wakapimana wawili wawili. Jirani yake wa bwenini, Mukamusoni, alimshika kifundo cha mkono na kupata sabini na mbili. Rwezaura aliangalia jalada, akamwambia ahesabu tena. Alihesabu mara nne, akapata sabini na mbili mara zote nne, akapewa alama mbili kati ya kumi kwa kutosoma kumbukumbu za mgonjwa. Kokuhirwa alimwomba msamaha, akamfulia mashuka wiki hiyo.

Mnamo Novemba, wakati wa mapumziko ya mchana, mama yake alipiga simu. Alikuwa na habari nyingi. Senene walikuwa wameanguka vizuri mwaka huu. Baba yake alikuwa amepunguza kulalamika. Na kituo cha afya kilikuwa kimetembelewa na wakubwa, waliosikitishwa sana na msongamano, wakajenga ubao mwingine wa zege, mrefu, wenye paa. Ulizinduliwa kwa utepe siku ya Jumatano.

"Na daktari wa pili?"

"Wamesema ubao kwanza. Ijumaa ulikuwa umejaa. Mzee Placidius yuko hapo na kifua chake, yule wa ng'ambo ya barabara. Anakusalimu. Anauliza unamaliza lini."

"Miaka mitatu, mama."

"Nilimwambia. Amesema hakuna shida, atakusubiri."

Kokuhirwa alisogea mbali na wenzake, karibu na ukuta.

"Yuko hai?"

"Asubuhi alikuwa hai," alisema Restuta.

Kokuhirwa akamwomba amfikishie salamu kwa hali yoyote atakayomkuta nayo, kisha akaingia darasani, akitembea bila kuburuza, kwa kuwa kipindi kilikuwa kimeanza.