Sindano ya Begani

Mashine ya hospitali ilikuwa imesema kimoyo cha mtoto tumboni hakidundi. Peizhen alimshukuru daktari, akavaa koti, akapanda basi hadi kwenye duka la dawa la baba yake, nyuma ya soko la Langzhong. Hakulia. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi.

Hakuna aliyeambiwa kwamba ana mimba. Kwao haitajwi kabla ya mwezi wa tatu kutimia, hata kwa mzazi.

Baba yake, Mzee Rao, alikuwa akichambua maganda ya machungwa. "Profesa wa vyura huyo," alisema. "Haya, leo mmegundua kipi tulichokijua zamani?"

Ndio utani wao. Peizhen hufundisha chuoni, kwa kupasua mayai ya vyura, jinsi mtoto anavyojengeka tumboni. Mzee hutibu kwa mizizi na sindano. Siku alipoonyeshwa mchoro wa figo na viungo vya uzazi vikichipuka kutoka kipande kimoja cha nyama, mzee alicheka mpaka akapaliwa, maana waganga wake wameuweka uzazi kwenye figo tangu enzi na enzi. Kwa mengine yote walibishana, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Leo Peizhen alitaka kubishiwa. Hilo tu ndilo lililomleta.

"Kichwa kinaniuma, Baba," alisema, akanyoosha mkono.

Mzee alimshika mshipa, akafumba macho. Akashika mkono wa pili, kisha akarudia wa kwanza. Utani ukamtoka usoni.

"Geuka."

Akaishusha kola ya koti, akapapasa bega, akachoma sindano.

Peizhen alikulia humo dukani. Mwenye mimba hachomwi begani, hata kama kichwa kinampasuka, maana sindano ya hapo huweza kuitoa mimba.

"Wiki iliyopita ulikataa kunichoma hapo," alisema. "Ukanikanda tu."

"Nilikataa, ndiyo."

"Kumbe ulijua."

"Mshipa ulikuwa unateleza vizuri, nikajua. Lakini mwezi wa tatu bado, ningesemaje?" Akakohoa. "Leo hautelezi, mwanangu."

"Mashine nayo imesema hivyo hivyo."

Mzee hakujisifu. Peizhen aliitazama rafu ya dawa, na maumivu aliyoyangoja tangu asubuhi yakaanza kupenya, taratibu, mahali fulani chini ya kifua.

"Nibishie, Baba," alisema. "Hata kidogo tu. Siku zote unabisha."

Mzee akavuta kigoda, akakaa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kubisha.