Friza Isiyofungwa Kamba

Mwaka 2017, Othmani wa Tanga alikodi chumba ughaibuni, mtaa wa Doornfontein, ili yeye na mkewe Zabibu wauze samaki wa kukaanga. Siku ya kuhamisha friza kutoka mtaa wa Mayfair, alipanda nyuma ya pikapu akaishikilia, mgongo wake ukiegemea kichwa cha gari. Dereva alikuwa Jumbe, rafiki yake tangu madrasa. Njiani mtoto alikatiza barabara mbele yao, Jumbe akakanyaga breki kwa nguvu. Mtoto alinusurika. Friza ilisereleka ikambana Othmani kifuani, akafia hospitalini kabla ya magharibi.

Msibani watu walinong'ona kwamba Jumbe alikuwa akikimbiza gari. Yeye hakujibu. Alibeba jeneza, akazika, kisha akahamia msikiti mwingine. Gari akaliacha uani.

Eda ilipokwisha, Zabibu alimwita shemeji yake Ahmad, mwalimu wa fizikia. Alitaka kujua ilikuwaje mtu mwenye nguvu kama Othmani ashindwe na kitu alichokwisha kukishika.

Ahmad alimweleza polepole. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kizuiwe. Breki zilizuia gari, si friza. Na kani ya kukizuia kitu hukua kwa uzito wake na kwa jinsi mwendo wake unavyokatwa ghafla.

"Pale palihitajika kani ambayo mikono ya mtu haina," alisema. "Hata kama gari lisingekuwa likienda mbio."

Alipotamka hayo aliona haya, maana yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walionong'ona.

Zabibu aliuliza ingekuwaje kama breki zingekanyagwa taratibu. Ahmad akasema ingehitajika kani ndogo, ila mtoto angegongwa.

"Na kamba?"

"Kamba ingeishika friza ipunguze mwendo pamoja na gari."

"Basi kwa nini haikufungwa?"

Hilo angelijua dereva. Wakamwita Jumbe.

Alikuja baada ya laasiri, amekonda, akaketi karibu na mlango. Zabibu akamuuliza.

"Kamba ilikuwepo, shemeji. Nilimpa. Akasema safari ni fupi, ataishika mwenyewe."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Marehemu hasemwi. Nikaona bora mnilaumu mimi."

Zabibu alijifunika uso kwa mtandio akalia. Maneno yale yalikuwa ya Othmani kweli. Ndiye aliyewahi kushusha kabati ghorofa tatu mgongoni, akikataa kusaidiwa. Ahmad alimwomba Jumbe radhi.

Jumbe akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Ningekataa kuondoa gari mpaka ifungwe."

Zabibu hakumwambia kwamba hana kosa. Alifuta macho.

"Ni kweli, ungekataa. Na yeye angekusikiliza. Kosa hilo ni lenu wawili, Jumbe. Usilibebe peke yako."

Akaenda jikoni, akarudi na chai na mkate wa kumimina. Jumbe alikula kidogo, kwa adabu.

Ijumaa iliyofuata Ahmad alimpitia Jumbe kwake, wakaenda makaburini kwa pikapu ileile. Jumbe aliendesha. Alikwenda taratibu mno, magari ya nyuma yakampigia honi kila roboti, taa ya barabarani, ilipowaka kijani, na Ahmad, kando yake, hakumhimiza.