Jalada la Kumi na Nne

Mzee tuliyembandika jina la Pingamizi alifungua kesi kama watu wengine wanavyokunywa chai. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, shati limenyooka, viatu vinang'aa, na kila Jumatatu alikuwa wa kwanza dirishani kwangu, masjala ya mahakama. Alimshitaki kinyozi kwa redio. Alimshitaki mwenye mpapai kwa kivuli. Alimshitaki jirani yake, dada fundi cherehani, mara saba kwa mlio wa mashine, na mara saba hakimu akazitupa kesi hizo. Lakini kila mara yule dada alilazimika kufunga duka na kukaa kwenye benchi letu asubuhi nzima.

Alikuwa amenifika kooni. Nyuma yake kwenye foleni walisimama watu wenye shida za kweli, na siku zao zilisogezwa mbele ili eti kivuli cha mpapai kisikilizwe.

Basi hakimu aliponiagiza niandae orodha ya kesi zake zote, ili amzuie kufungua nyingine bila ruhusa, nilifurahi waziwazi. Ijumaa asubuhi nikayapanga majalada mezani. Yalikuwa kumi na tisa. Kumi na nane yalikuwa na hukumu ya kutupwa. La kumi na nne halikuwa na kitu, hata tarehe ya kusikilizwa.

Nililikumbuka. Miezi mitatu nyuma nililipokea, nikaona jina lake, nikalisukumia chini kabatini bila kulisoma. "Na yeye aonje kungoja," nilimwambia mwenzangu, tukacheka.

Sasa nikalifungua. Mdaiwa alikuwa mwenye ghala lililo nyuma ya duka la fundi cherehani. Kabla ya kulileta, mzee alikuwa ameupima kila wiki ukuta wa ghala hilo kwa timazi na kuandika kwa penseli: umeinama sentimita mbili, nne, saba. Chini akaongeza: "Upande wa pili kuna dada anashona. Naomba mahakama iamuru ubomolewe kabla haujamwangukia."

Dada yuleyule wa mara saba. Miezi mitatu alikuwa ameupa mgongo ukuta ule, na onyo la mzee nimelikalia mimi.

Ningeweza kulichomeka katikati ya rundo, likatupwa na mengine. Nisijitie utakatifu, wazo hilo lilinijia na likakaa kidogo. Kisha nikalibeba hadi ofisini kwa hakimu.

"Mheshimiwa, hili nililificha mimi."

Alilisoma amesimama. Hakunifokea, na afadhali angefoka.

"Tarishi aende akamtoe yule fundi cherehani dukani sasa hivi," alisema. "Na mhandisi wa manispaa aitwe."

Kesho yake ukuta ulibomolewa. Mhandisi alisema usingemaliza mwezi.

Jumatatu hakimu alimweleza mzee jalada lake lilikokuwa limefichwa, kisha akatoa amri yake vilevile. "Mzee, kuanzia leo kila hati yako itasomwa kwanza. Yenye msingi itasikilizwa. Isiyo na msingi utarudi nayo nyumbani."

"Nani atasoma?"

"Karani."

Mzee akageuka kunitazama. "Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Na atasoma mpaka mstari wa mwisho."

Wiki iliyofuata alikuwa dirishani kabla sijavuta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo nimekuja na moja tu."

Nikasoma. Mdaiwa: karani wa masjala. Kosa: kuficha jalada miezi mitatu huku uhai wa mtu ukiwa hatarini. Hakutaka fidia. Aliomba tu mahakama iandike kwamba jambo hilo lilitokea. Shahidi wa kwanza: fundi cherehani.

Nilisoma tena, polepole, nikitafuta pa kumkatalia. Sikupaona.

"Ina msingi?" aliuliza kwa upole.

"Inao, mzee," nikasema, nikampangia tarehe ya karibu kuliko zote nilizokuwa nazo.