Jiwe Lililogeuka Kijani

"Vua, uiweke hapa," mama mkwe alisema, akanisogezea kisahani kitupu.

Wanawake waliokuja kutusaidia kuandaa pilau ya arusi ya jirani waliacha kuchambua mchele. Ilikuwa Juni ya mwaka 1954, asubuhi ya baridi ile ya Iringa inayouma masikio, na jiwe la pete yangu lilikuwa limegeuka rangi. Feruzi iliyokuwa samawati kama mbingu baada ya mvua sasa ilikuwa kijani, kijani cha maji yaliyosahauliwa mtungini.

Jiwe lilitoka kwa wakwe zangu, lakini pete aliitengeneza baba yangu Muharami, sonara wa Mbeya. Nilipochumbiwa nilikaa karibu na mvukuto wake nikamtazama akiyeyusha rupia kuukuu za fedha, kisha akilizungushia jiwe ukingo na kuukandamiza kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Aliniambia feruzi humkinga mvaaji na jicho la hasidi. Nilipofika Mlandege, mtaa wa wakwe zangu, nikaambiwa jingine: feruzi hubaki samawati kwenye mkono wa mke mwaminifu. Moyo wake ukitoka nje, jiwe nalo hugeuka.

Na mume wangu Ahmadi alikuwa Uyole, akinunua ngozi. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu hayupo nyumbani.

"Sivui," nilisema.

Bibie, ndilo jina la mama mkwe, hakupandisha sauti. "Basi utaapa. Msahafu upo ndani."

"Siapi, Mama. Mkono huu unafua kwa sabuni, unapakua samli, unatwanga manjano, kila siku ya Mungu. Jiwe limekunywa jiko lenu. Nikiapa nimekubali kwamba jiwe linaweza kunishtaki."

Nikauinua mkono juu, kila aliyetaka kuona aone. Kisha nikainama kwenye ungo wangu. Nikaendelea kuchambua mchele.

Ahmadi aliporudi, mama yake alimwahi mlangoni. Alikuja chumbani na kofia bado kichwani.

"Uape tu, yaishe."

"Wewe una la kuniuliza?"

"Siulizi kitu. Nataka amani ndani ya nyumba."

"Basi kalale huko kwenye amani."

Akachukua mkeka, akalala ukumbini usiku ule na mwingine na mwingine. Nilimpenda yule mwanamume. Nilikuwa nikimsikia akikohoa kwa baridi, blanketi la ziada liko miguuni pangu, na sikumpelekea.

Habari zilifika Mbeya. Baba akaja kwa lori, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na mfuko wake wa vifaa begani. Ahmadi alikuwa sokoni, Bibie amekwenda Kihesa kumjulia hali mgonjwa. Baba hakunywa hata maji. Alifungua leso: ndani mlikuwa na feruzi mpya, samawati tupu.

"Nipe mkono. Nitalibadilisha sasa hivi, kabla hawajarudi. Waamke kesho waseme limejirudia lenyewe."

"Watasema nilikosa, sasa nimetubu."

"Watakuacha, Jaha! Unataka nikurudishe Mbeya na jina hilo?"

"Waniache na jiwe hili hili, Baba."

Uso wa Baba, uliokuwa umeiva kwa hasira, ukalegea. Alianza kuikunja leso, halafu akasita, macho yake nyuma yangu. Nikageuka.

Bibie alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake. Sijui alisikia kuanzia wapi. Baba akainuka kwa aibu, akatoka uani. Bibie hakumjali, alikuwa akilitazama lile jiwe jipya lililobaki kwenye leso mkekani.

"Mimi niliapa," alisema.

Sikumwelewa.

"Niliolewa humu humu, nikiwa mwari. Jiwe likageuka. Mama mkwe wangu akaniapisha mbele ya watu, kisha wakanitilia jipya. Ndilo hilo ulilovaa wewe." Akaionyesha pete yangu kwa kidole. "Nami sikuwa nimefanya lolote, mwanangu. Lolote."

Ahmadi alirudi chumbani siku nyingine, baada ya kuniuliza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama yake, nami nikamjibu. Baba aliondoka na jiwe lake. Lakini adhuhuri ile tulikuwa wawili tu. Bibie aliketi kwenye kigoda, buibui bado mwilini, machozi yakimtoka bila sauti. Maneno makali niliyomwandalia siku zote zile yalikuwa tayari mdomoni.

Sikumsamehe siku ile. Nilimletea maji, nikasimama karibu naye mpaka akayamaliza.