Kitabu Kisicho na Pindo

Mwanangu ana meno mawili, na Jumamosi ile aliyapa kazi. Niligeuka tu kuepua maji yake ya kuoga. Niliporudi nilimkuta mkekani, kitabu cha maktaba mapajani, anatafuna taratibu kama mtu asiye na haraka. Nilimtia kidole kinywani, nikatoa kibonge cha karatasi iliyolowa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekwenda.

"Usinitazame mimi," alisema wifi yangu, ambaye ndiye niliyemwachia mtoto. "Kamwona mama yake anameza vitabu, naye kameza."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Kwenye mlango wa maktaba yetu, chumba kimoja nyuma ya madarasa ya jioni, kuna kanuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: atakayeharibu kitabu atarudisha kadi. Kadi yangu nilipewa siku nilipofaulu mtihani wangu wa kwanza wa masomo ya jioni, mimba ikiwa ya miezi saba. Nyumbani kwetu sufuria ni yetu, kitanda ni chetu, hata kanga zangu wifi huzivaa. Kadi ile ina jina langu peke yangu.

Kuna kanuni ya pili, ya mkutubi mwenyewe: kila anayerudisha kitabu aandike maoni yake kwenye karatasi iliyo nyuma ya jalada. Mwanzoni niliogopa. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu karakanani ni mapindo, ningemwambia nini mtu aliyeandika kitabu kizima? Lakini fundi mkuu wetu ana msemo wake: "Mteja hasifu mshono wa kifuani, lakini pindo likifumuka atalikanyaga." Basi nikaanza kupima vitabu kwa mapindo yao.

Riwaya ya mapenzi niliiandikia: "Kila shida ikizidi, tajiri anatokea na gari. Kitambaa cha hariri, uzi dhaifu. Lakini pale dada anapomsuka mdogo wake na wote wawili wanalia bila kusemeshana, nimesoma mara tatu. Asante." Ya mizimu: "Niliogopa sana mpaka mzimu ulipoanza kuongea. Ungenyamaza, mpaka leo ningekuwa naogopa." Ile ya watu waliohamia kwenye nyota ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea, ila niliuliza: "Mashine zipo za kila kitu. Nepi anafua nani?"

Hiki kilicholiwa kilikuwa cha upelelezi. Mwenye gereji ameuawa, na kiganjani mwake kuna kifungo cha koti. Mwandishi anasema uzi wa kifungo kile ulizungushwa kinyume na kawaida. Msomaji mwingine angepita. Mimi nilisimama hapo hapo, maana karakanani tunaye mwenzetu wa mkono wa kushoto, na vifungo vyake tunavijua kwa macho. Nikarudi nyuma kurasa hamsini, nikamkuta muuguzi anatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Nilibakiza ukurasa mmoja tu nijue kama nimepatia, na ukurasa huo ulikuwa tumboni mwa mwanangu.

Siku ya pili, alipolala mchana, nilichukua karatasi ya kukatia ruwaza nikaandika mwisho mwenyewe. Muuguzi akakamatwa kwa kifungo chake. Kisha nikatunga sindano, nikaishonea kitabuni kwa mshono wa kujificha. Nilijisifu kabisa.

Wifi alikigeuza akakitazama. "Wewe nawe. Mtoto kakiharibu mara moja, mama yake kakitoboa matundu thelathini."

Nikamnyang'anya kitabu, nikayatazama matundu. Mkononi mwangu kila kilichochanika hushonwa, sikuwa nimefikiri kingine.

Jumatatu nilifika kabla ya kipindi, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Mkutubi wetu tunamwita Bi Kimya, kwa sababu ya neno lake moja la siku nzima: "Kimya!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kadi umeishika kama unaniaga?"

Nikamweleza yote, hata matundu. Alivaa miwani, akasogea nyuma yangu.

"Mtuhumiwa ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Meno mangapi?"

"Mawili."

"Na ukurasa mzima. Ana bidii."

Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mshono, akausoma mwisho wangu akiwa amesimama. Nilihesabu vigae vya sakafu.

"Umemkamata muuguzi," alisema.

"Siye?"

"Mwandishi alimkamata dereva. Alikiri tu, hivi hivi, kwa sababu karatasi zilikuwa zinaisha. Kile kifungo hakikutajwa tena." Alivua miwani. "Nimekaa nacho rafuni miaka tisa, sijawahi kumsamehe mwandishi wake."

Akanyoosha mkono. Nikampa kadi, akaitia kwenye droo.

"Kanuni ni kanuni, mwanangu. Utaikuta hapa Jumatatu ijayo." Alichukua kalamu, na kwenye karatasi ya maoni akaandika, akitamka polepole: "Ukurasa wa mwisho uliliwa na mtoto. Huu uliopo ni wa fundi, na ni bora." Kisha akakirudisha kitabu rafuni, mahali pake pale pale.

Nilianza kumshukuru. Yeye alikuwa ameshatoa kadi yake mwenyewe, kuukuu, kona zimelainika kama kitambaa, anaandikia juu yake riwaya nyingine ya upelelezi.

"Wiki hii utasomea ya kwangu. Uniangalizie pindo la hiki, mimi silielewi."

Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa ameshika kitabu kidogo cha picha, kurasa zake ngumu kama ubao.

"Na hiki cha mwenzio," alisema. "Akikimaliza, naye aniandikie maoni."