Mvua ya Bwana Rosli

Nitegee sikio nikutegee. Nyumba yake mdomo, miguu hana, akishatoka harudi, na mawingu humsikia. Nani huyo? Usijisumbue, mjukuu wangu, ni kicheko. Kwetu Wabatek, watu wa msituni, anayemcheka mnyama huletewa mvua na Gobar, mwenye ngurumo. Tukichekana wenyewe kwa wenyewe, Gobar hashughuliki. Lakini nyani akikaa vibaya, unageuza uso.

Bwana Rosli, mkuu wa hifadhi, alikuwa ofisini akinywa chai mvua ilipoanza kumnyeshea. Ilishuka darini, juu yake peke yake. Karani akasogeza meza mlangoni, akaendelea kupiga chapa. Jioni mvua ilimfuata nyumbani, ikapanda naye kitandani. Mkewe alihamia chumba cha wageni, na asubuhi akamnunulia mwavuli mzuri.

Wakati huo Bwana Rosli alikuwa ameshatoa amri kambi yetu ya mtoni ivunjwe, tukakae nje ya msitu, kando ya barabara, kwa sababu moshi wetu uliingia kwenye picha za wageni. Bibi Rengas, mkubwa wa kambi, alipoitwa alikwenda na kisu chake cha mwanzi.

"Iondoe hii, bibi, na kambi itabaki," alisema Bwana Rosli, maji yakimdondoka puani.

"Haina shida, mwanangu. Ulimcheka mnyama gani?"

"Sikumbuki."

"Jaribu. Damu ya kumwomba radhi Gobar haipandi juu bila jina la mnyama."

Basi ikabidi mnyama mwenyewe atafutwe. Rengas alitangulia na mwanawe Keladi, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni, na Bwana Rosli akafuata na mwavuli. Walipita chini ya miti ya asali ambayo vilele vyake havionekani, wakavuka vijito vya maji ya rangi ya chai. Ruba walimkimbilia Bwana Rosli kwa ule unyevu wake.

"Bosi, una chura kwenye kola," alisema Keladi.

"Mtoe."

"Amelala, bosi."

Hondohondo akapita juu, mabawa yakivuma.

"Huyu?" aliuliza Rengas.

"Sidhani."

Rengas hakutaka kubahatisha. Alijikwaruza muundi, akachanganya damu na maji, akairusha juu, akamtaja hondohondo. Mvua haikupungua. Akajikwaruza kwa ajili ya nguruwe mwitu, kwa ajili ya jongoo aliyejikunja, kwa ajili ya nyani wa mkia mfupi. Kwenye udongo wa chumvi walikuta tembo wanalamba.

"Na hawa?"

"Bibi, nani atathubutu kumcheka tembo?"

"Aliyekwisha kulowa."

Akajikwaruza tena.

"Mama, miundi imekwisha," alisema Keladi.

"Mapaja yapo."

Waliporudi mtoni waliwakuta askari wa hifadhi wameanza kuvunja vibanda vyetu vya majani na kupakia vyungu kwenye lori. Walimpigia mkuu wao saluti. Rengas akamwomba awazuie.

"Tulikubaliana mvua ikome, bibi. Haijakoma."

Ilikuwa kweli. Rengas aliketi kwenye kibanda kilichobaki, damu ikimchuruzika hadi kifundoni. Bwana Rosli akaketi kando yake, mvua ikanyesha humo ndani, moto wa kupikia ukazimika. Mkwe wa Rengas akahamisha viazi vikuu.

Rengas alichukua tena kisu, akakiweka kwenye paja.

"Mwanangu, msitu tumeumaliza. Ulimcheka nani?"

Bwana Rosli alikitazama kisu. Kisha akamtazama Keladi, aliyekuwa akiwasaidia askari kubeba mikeka yake mwenyewe.

"Siku ile alipopanda mti wa asali mbele ya wageni," alisema. "Nilimwambia mgeni mmoja, tazama nyani wetu anavyopanda. Tukacheka. Ni mwanao, bibi. Nilimcheka mwanao."

Kisu kilikuwa bado pajani, na jina la mnyama lililobaki kutajwa kwa Gobar lilikuwa la Keladi.