Mashine ya Uwazi

Mashine ya Uwazi ilipoletwa katika ofisi moja ya serikali upande wa Kibirichia (ofisi gani, tuyaache), iliombewa na wachungaji wawili, ikakatiwa utepe, na siku hiyo hiyo ubao wa matangazo uliokuwa nje ukang'olewa. Karatasi zimepitwa na wakati, walisema. Kuanzia sasa mwananchi angegusa kioo tu, na mambo yote ya serikali yangemwagika mbele ya macho yake.

Halafu ofisa aliyeisimamia akaogopa wezi. Akaita fundi wa kuchomelea, na mashine ikafungiwa ndani ya vyuma vizito vilivyokaribiana mno, kidole kikiingia kinaishia njiani. Kioo kilionekana vizuri sana. Kukigusa ndiko kulikoshindikana.

Kathambi hakuyajua hayo hadi Ijumaa ile. Alikuwa mjane mwenye ekari moja ya viazi, na asubuhi hiyo mama anayefagia ofisi alikuwa amemnong'onezea kwamba barabara mpya itapita kwenye mashamba ya watu. Ramani imo ndani ya mashine, na mwisho wa kupinga ni leo, saa kumi na moja jioni. Asiyepinga amekubali. Basi alipita ofisini saa nane, akiwa njiani kumpelekea mnunuzi wa hoteli sampuli za viazi vyake.

"Karibu mama," alisema Muchangi, ofisa wa uwazi, bwana wa kutoka Embu aliyefunga tai hadi kidevuni. "Infomesheni yote iko hapo. Ni kutachi tu."

"Nitatachi na nini, bwana ofisa? Mkono hauingii."

"Usilazimishe, utaharibu grili."

"Si unifungulie?"

"Kifunguo iko na fundi. Na fundi ako Laare, ana kazi ya geti."

"Na kwa simu yangu, siwezi kuona?"

"Kwa simu bado tunaogopa wadukuzi. Hapa ndiyo iko salama."

Ilikuwa salama kweli. Hata yeye mwenyewe, aliongeza kwa fahari, hakuwa ameigusa tangu siku ya utepe. Kathambi alijaribu kwa kalamu, kioo kikamtazama tu. Alijaribu kwa kijiti, vilevile. Muchangi akamweleza kwa upole kwamba mashine inataka mwili wa mtu, haitaki mti. Hilo walifundishwa kwenye semina ya siku tatu, hotelini, chakula na chai juu ya serikali.

Hasira zilimpanda Kathambi hadi masikio yakawa moto. Aliketi kwenye benchi, kikapu cha waru mapajani, maana ndivyo wanavyoviita viazi huku, akatazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro robo. Ndipo akakumbuka jikoni kwake. Binti yake akipiga simu wakati yeye anamenya, hajisumbui kunawa; husukuma kioo cha simu kwa kiazi alichokishika, na simu humtii. Hajawahi kujiuliza kwa nini.

Akatoa kisu chake cha kupasulia viazi ili mnunuzi aone kama ndani ni vyeupe. Akachagua kiazi kirefu, akakimenya, akakata kipande chembamba kama chipsi, akakipitisha kati ya vyuma na kugusa.

Kioo kikafunguka. KARIBU MWANANCHI.

"Mama! Unawekea mali ya gavamenti chakula!" Muchangi aliruka kutoka kitini.

"Naweka kidole," alisema Kathambi bila kugeuka. "Wewe kaa."

Akaifungua ramani. Mstari mwekundu uliteremka kutoka shuleni, ukapita kwa Kinya, jirani yake, ukapita kwa Salesio, ukapita kwa watu wengine kumi na mmoja, kisha ukafika kwake na kulipasua shamba katikati, pale alipozikwa mumewe. Machozi yalimlengalenga. Akabonyeza kwa nguvu hadi chipsi ikakatika, akalazimika kukata nyingine. Ilimchukua vipande vinne kuandika jina, namba ya kitambulisho na neno moja: NAKATAA. Akabonyeza tuma.

Mashine ikamshukuru kwa maandishi makubwa. Chini yake ikaandika: Jumla ya pingamizi zilizopokelewa: 1.

Muchangi alisogea, akasoma, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli.

"Umeona, mama? Hao wengine wote wameridhika. Ripoti yetu itatoka poa sana."

Kathambi alitamani kumtupia kikapu kizima. Badala yake alitoa simu, akampigia Kinya.

"Kinya, acha kila kitu. Pitia kwa Salesio, pitia kwa kila boma hadi shuleni, mje hapa ofisini kabla ya saa kumi na moja," alisema. "Kila mtu abebe kitambulisho na kiazi."